Sauti Iliyotoka Bafuni

Kila asubuhi Bi Avril Tapley huoga mlango ukiwa wazi. Huusukuma mpaka uguse ukuta, kisha huuwekea kiatu ili usijirudie. Nilipopanga chumba cha juu katika nyumba yake, kaskazini mwa London, alinionya nisishuke ngazi kabla sijasikia maji yakiteremka kwenye bomba.

"Si kwamba nina cha kuonyesha," alisema. "Ni hilo bafu. Ukilifunga linaimba."

Nilidhani ni utani wa watu wazima, nikacheka kwa adabu.

Alikuwa mshonaji maisha yake yote. Alianza akiwa msichana katika kiwanda cha kofia, akamalizia kwenye kibanda chake karibu na stesheni, akipunguza suruali na kubadilisha zipu. Wateja wake wengi hawakujua kwamba uso wake uliwahi kubandikwa kwenye madirisha ya maduka ya santuri nchi nzima. Waliojua ni wanaume fulani wa makamo waliokuja nyumbani wamekumbatia santuri ili awatilie sahihi. Hao kila mmoja alikuwa na kipenzi chake. Walisimama mlangoni kwa muda mrefu wakibishana ni nani aliyekuwa bora kati ya waimbaji wote waliorekodiwa na Desmond Pyke, mtayarishaji wa muziki wa enzi zao. Mmoja aliwapenda wale vijana wasafisha madirisha waliovaa nguo za rangi ya fedha na kuimba habari za mwezini. Mwingine aliapa kwa yule mtoto wa muuza nyama aliyepakwa nywele rangi ya dhahabu, ingawa aliimba kama bawaba isiyotiwa mafuta. Lakini wote walimpenda Avril. Naye alitia sahihi upesi, bila kuitazama picha yake, na hakumkaribisha yeyote chai.

Huyo Pyke alirekodia muziki katika nyumba aliyopanga, juu ya duka la vigari vya watoto. Wapiga fidla walikaa ngazini. Mpiga ngoma aliwekwa nyuma ya magodoro. Waitikiaji walikanyaga mbao za sakafu mpaka mwenye duka akawagongea dari kwa mpini wa ufagio. Pyke aliamini wanamuziki waliokufa humsemesha, kwa hiyo kabla ya kurekodi aligonga meza na kungoja ruhusa yao. Ukimpendeza, alikunywesha chai katika kikombe chake mwenyewe. Ukimuudhi, alikurushia kikombe hichohicho.

Avril alikwenda kwake na rafiki yake wa kiwandani, Dilys Probert. Wawili hao walizoea kuimba huku wakishona utepe kwenye kofia. Dilys alitoka Wales, binti wa mama aliyesifika kwa kuimba kanisani. Alikuwa mnene, mwenye miwani mizito, na mcheshi kupita kiasi. Avril alikuwa mwembamba, na uso wake uliwafanya watu wageuke barabarani. Pyke alimsimamisha Avril sebuleni mbele ya kipaza sauti kikubwa. Dilys, aliyeambiwa ataitikia tu, alifungiwa bafuni, akaketi ukingoni mwa beseni la kuogea, maana vigae vya bafu vilitoa mwangwi mzuri.

"Shoga, nikizama humu," alisema Dilys kutoka ndani, "mwambie mama nilikufa nikiwa safi."

Kesho yake Pyke alimwita Avril peke yake, akampa chai katika kile kikombe, akampigia utepe wa kurekodia asikilize. Sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba na tamu kama ya msichana mdogo, ikielea juu ya mwangwi. Pyke alikuwa ameukimbiza utepe kwa kasi kuliko kawaida ili sauti ipande. Ulikuwa mchezo wake, na wengi aliwafanyia hivyo. Avril alikuwa anataka kushangilia ndipo Pyke alipomweleza.

"Si wewe huyo," alisema. "Yako niliizima. Anayeimba ni yule wa bafuni. Ila yule simuweki mbele ya kamera mimi. Basi uso wako, sauti yake, na mdomo wako unaufunga."

Avril anasema alikusudia kumwambia Dilys. Alikusudia wiki nzima, wakila mkate pamoja juu ya maboksi ya kofia, na wiki iliyofuata pia. Kisha santuri ikatoka. Dilys aliinunua, akaja nayo kiwandani, akamkumbatia mbele ya wenzao wote.

"Hiyo sauti ulikuwa umeificha wapi, shoga?" alimwambia. "Na mimi kumbe nilikuwa nakoroma kama chura pembeni yako."

Hakujitambua. Na angejitambuaje? Hakuwahi kujisikia kwenye utepe hata mara moja, na sauti ile ilikuwa imepandishwa na kurowekwa kwenye mwangwi mpaka mamaye mzazi asingeijua.

"Nikacheka," Bi Avril aliniambia. "Nafasi ilikuwa ile pale, mwanangu, nami nikacheka."

Wimbo ule ulipanda mpaka karibu na kilele cha orodha ya nyimbo zilizouzwa zaidi. Kwenye televisheni za siku zile waimbaji walichezesha midomo tu huku santuri ikilia, kwa hiyo hakuna aliyegundua. Santuri ya pili, ambayo Avril aliiimba kwa sauti yake mwenyewe, haikununuliwa. Pyke akampa kikombe chake kipenzi mwingine, naye Avril akarudi kwenye sindano.

Lakini Dilys hakurudi kuimba. Kanisani alifumba mdomo. Kazini walipomwomba alisema sasa anajua sauti ni kitu gani, na yeye hana. Aliolewa na kondakta wa basi, akazaa, akazeeka. Urafiki wao haukukatika. Kila Krismasi walikula pamoja, na kila Krismasi Dilys aliwasimulia wajukuu zake jinsi Bibi Avril alivyokuwa na sauti ya malaika, Avril akitazama sahani yake.

Majira haya ya kuchipua ndipo simu ilipolia. Bwana mmoja alikuwa amezinunua tepu za zamani za Pyke, naye alitaka kutoa nyimbo za wale waimbaji wapendwa wote kama zilivyorekodiwa, kabla hazijakimbizwa. Katika utepe wa Avril alikuwa amesikia msichana akitania habari za kuzama bafuni, kisha msichana yuleyule akaanza kuimba. Alitaka kujua ni nani, na kama yu hai. Bi Avril aliomba apewe siku chache, na nakala.

Aliniomba nimsindikize kwa Dilys, nikambonyezee mashine ya kusikilizia nakala ile.

Tulimkuta Dilys jikoni akikaanga vile vikeki vya zabibu kavu vya kwao Wales, juu ya bamba la chuma. Alitutania kwamba tumefuata harufu. Bi Avril hakuketi. Alisema kuna kitu anataka Dilys akisikie, akanipa ishara.

Sauti ilijaa jikoni, nzito kuliko ile ya kwenye santuri, ya mwanamke mzima, isiyo na haraka. Dilys alizima jiko.

"Mama," alisema. "Mmempata wapi mama yangu?"

"Si mama yako, Dilys."

Alisimama ameshika kijiko cha kugeuzia. Wimbo ulipokwisha alinitaka niurudie, akausikiliza tena ameinamisha kichwa. Kisha akamuuliza Avril amejua tangu lini. Avril akamjibu kwamba tangu kesho yake baada ya kurekodi.

"Watoto wangu," alisema Dilys taratibu, "sikuwahi kuwabembeleza kwa wimbo. Niliwawashia redio."

Hakupaza sauti. Alivipanga vikeki katika mkebe, akaufunika, akanikabidhi mimi badala ya Avril.

"Mpeleke kwake, mpenzi," aliniambia. "Hiyo mashine niachie. Nataka kusikiliza peke yangu."

Tulikaa kwenye benchi la kituo cha basi. Bi Avril alisema afadhali Dilys amesikia kutoka kwake yeye kuliko kwa mgeni. Baada ya kitambo alilisema tena hilohilo, kwa sauti ya chini zaidi. Mkebe ulikuwa bado wa moto magotini mwangu.

"Bi Avril," nikasema, "kama yule bwana asingepiga simu, ungemwambia?"

"Hapana," alisema.