Siku Nilipowaogesha Samaki wa Bi Zuhura Maji Baridi

Sikupanga kulisimulia hili kwa hiari yangu, lakini kwa kuwa Kasulu nzima inalisimulia, na kila anayelisimulia anaongeza samaki wawili, afadhali mlisikie kwangu mwenye aibu yenyewe. Mimi ndiye yule Dokta. Ndiyo, yule wa friji. Chekeni kwanza, nitasubiri.

Niliripoti Kasulu mwaka 2012 nikiwa afisa mifugo, na stashahada yangu ndani ya bahasha ya kaki, nimetoka zangu Singida ambako maji mengi kuliko yote niliyowahi kuyaona ni ya bwawa la kunyweshea ng'ombe (bahari nilikuwa naijua kwenye kalenda, tena kalenda yenyewe ya mwaka uliopita). Kazi yangu ilikuwa kuchanja, kusimamia josho na kugombana na kupe. Sasa watu wa huku ukishika tu bomba la sindano wewe ni Dokta, basi. Siku ya kwanza nilijitahidi kusahihisha, "Mimi si daktari jamani, ni afisa mifugo," siku ya pili nikachoka, siku ya tatu nikaanza kugeuka kabla hawajamaliza kuita. Kufika 2014 mtu akiniita Agnes nilikuwa naona kama ananivunjia heshima.

Hapo ndipo anapoingia Bi Zuhura. Bi Zuhura ni mwenyeji wa Tanga aliyeolewa Kasulu miaka mingi, ana hoteli karibu na soko, ile ya wali, ugali, migebuka ya ziwani na chapati, na ndani ya hoteli hiyo, kati ya kaunta na friji ya soda, lilikaa tangi la kioo lenye samaki watano wa baharini. Nasema wa baharini, juu huku milimani, ambako asubuhi tunavaa masweta! Kulikuwa na pampu ya hewa, kifaa cha kupasha maji, na chumvi maalumu iliyokuwa ikija kwa basi, maana Bi Zuhura aliapa kwamba hawezi kuwakorogea wageni wake chumvi ya mboga. Watu walikuwa wanatoka hadi Makere kuja kunywa chai ya rangi ili tu wawatazame.

Lakini samaki wale hawakuwa pambo tu. Walitumwa na kijana aliyemposa binti yake, Mwanaidi. Kijana yuko Tanga, kazi yake ni kukusanya samaki wa mapambo, na badala ya kutuma khanga kama watu wengine akatuma tangi. Samaki mmoja, mkubwa kuliko wote, wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe, walimpa jina Bwana Harusi. Na Jumamosi moja wakwe walikuwa wanakuja, safari yote hiyo kutoka Tanga, kupanga siku ya ndoa.

Siku tatu kabla ya hiyo Jumamosi Bi Zuhura akaniita. Samaki walikuwa na vidoadoa vyeupe mwili mzima kama chenga za chumvi (nikadhani ni chumvi kweli, nikashukuru Mungu sikusema), wanajisugua kwenye mawe na kuhema kwa shida. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dokta, ugonjwa huu unaujua? Wakwe wakikuta maiti humu ndani nitaficha wapi uso wangu?"

Sasa hapo kulikuwa na neno moja fupi la kusema, nalo ni "sijui." Lina herufi tano. Mtoto wa chekechea analiweza. Mimi nikakunja uso, nikagonga kioo kwa kidole, nikasema, "Ni vimelea. Niachie mimi."

Nikaenda nyuma ya ofisi, mahali ambapo hakuna anayenisikia, nikampigia Festo. Festo tulisoma wote, yeye akaenda upande wa uvuvi na sasa yuko pwani. Nikamweleza kwa kumzungusha, kana kwamba nahakikisha tu jambo ninalolijua. Akaniambia, "Hivyo ni vimelea vya madoa meupe. Waogeshe kwanza kwenye maji baridi, dakika tatu, usizidishe tano. Halafu wahamishie chombo kingine chenye maji yao mapya ya chumvi, tangi lenyewe likae wiki kadhaa bila samaki, maana vimelea vinabaki mchangani. Ila Agnes, hakikisha joto la hayo maji..."

"Festo," nikamkatiza, "mimi ndiye ninayesimamia josho hapa. Kuogesha najua." Nikakata simu.

Maji baridi. Niliona ni akili kubwa kweli. Vimelea vimezoea joto la pwani, vikipigwa na baridi ghafla vinaachia, samaki anabaki safi. Nilijieleza mwenyewe, nikajielewa, nikajipongeza.

Jumamosi saa tano nikafika hotelini na koti jeupe na mabuti ya mpira (nani aliniambia nivae mabuti kwa ajili ya samaki wa kiganja kimoja, sijui). Wakwe walikuwa wanategemewa jioni. Bi Zuhura akataka tufanyie uani, nikakataa, nikasema mgonjwa hasogezwi mbali. Uongo mtupu. Ilikuwa siku ya soko, niliyoingojea kwa makusudi, hoteli imejaa, nami nilitaka watu waone.

Nikaomba beseni na maji baridi. Bi Zuhura akaleta ndoo. "Haya hapa Dokta, ya bomba, hayana hata chembe ya chumvi. Nimeyaweka karibu na jiko yasiwashtue."

Nikatumbukiza kidole. Yana uvuguvugu! "Bi Zuhura, nimesema baridi. Haya si ya baridi. Nipe ya friji."

"Ya friji?" Akanitazama. "Maji baridi ninayoyajua mimi..."

"Bi Zuhura, daktari ni nani hapa?"

Jamani, mama wa watu, mzaliwa wa Tanga, alikuwa anataka kuniokoa na mimi nikamfunga mdomo mbele ya wateja wake. Akafungua friji, akamimina chupa za maji moja baada ya nyingine mpaka beseni likajaa. Nikachukua chujio la chai nikaanza kuvua.

Dakika ya kwanza samaki waliruka kidogo, kisha wakatulia. "Mnaona?" nikawatangazia watu. "Dawa inaingia." Dakika ya pili wakalala ubavu. Mzee Ntakije, mkulima wa maharage wa Makere ambaye kila siku ya soko hula meza ileile ya karibu na tangi, akaegemea na sahani yake ya ugali na mgebuka, akachungulia beseni.

"Oya, hapana Dokta. Huyu amekufa."

"Amelala, mzee."

"Ego, ndiyo, amelala. Kwetu kuku akilala hivyo tunamwahi na kisu."

Watu wakaanza kusogea. Nikampigia Festo, na kwa kuwa mikono ilikuwa imelowa nikaiweka simu mezani na kufungua spika, uamuzi mwingine mzuri sana wa siku hiyo.

"Festo, nimewaweka maji baridi, mbona wamekakamaa?"

"Joto la maji likoje?"

"Joto gani tena? Si nimekwambia ni baridi? Yametoka kwenye friji sasa hivi."

Halafu sauti ya Festo ikajaa hoteli nzima mpaka jikoni: "Friji?! Agnes! Maji baridi ni maji yasiyo na chumvi! Ya mto, ya bomba, ya mvua! Ziwa Tanganyika ni maji baridi, kule umeona friji?"

Hoteli ililipuka. Mtu mmoja alipaliwa na chai. Nami, badala ya kuwatoa samaki taratibu na kuwarudisha kwenye maji ya chumvi, nikaona dawa ya baridi ni moto (stashahada hiyo inazungumza), nikanyakua chupa ya chai iliyokuwa mezani nikaimimina yote ndani ya beseni. Festo anapiga kelele, "Usiweke ya moto!" lakini nilikuwa nimeshaweka. Bwana Harusi, ambaye tulidhani ni marehemu, alichomoka majini, akapaa juu ya meza, akatua katikati ya sahani ya Mzee Ntakije, kati ya ugali na mgebuka.

Na ndipo nikasikia mlangoni, "Asalaam aleikum, wenyewe mpo?"

Wakwe. Walikuwa wamepata usafiri wa mapema kutoka Kigoma. Mbele alisimama mshenga, Mzee Mbwana, kanzu nyeupe, kofia ya mkono, nyuma yake shangazi wawili na mizigo, wote wanatazama zawadi ya kijana wao ikirukaruka kwenye mchuzi, na juu yake mzee wa watu ameshika tonge.

"Mwakeye, karibuni," akawasalimu Mzee Ntakije kwa kilugha, kwa heshima zote. "Huyu mimi sikumwagiza."

Bwana Harusi alifia palepale. Wengine wawili walifia kwenye beseni. Wawili waliobaki ni Bi Zuhura mwenyewe aliyewarudisha kwenye maji ya chumvi, kwa mikono yake, bila kunitazama. Alipomaliza akajifuta kwa ncha ya khanga akasema, "Agnes, mwanangu, keti." Hakuniita Dokta. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, na neno hilo liliniuma kuliko tusi.

Halafu nikamsikia shangazi mmoja akimnong'oneza mwenzake kwamba zawadi ya posa kufa siku ya kupanga ndoa si jambo la kupuuza, hiyo ni ishara, bora warudi wakajifikirie. Nyuma ya pazia Mwanaidi akaanza kulia. Nawaambia ukweli, mpaka hapo nilikuwa nalilia jina langu tu. Kilio cha yule binti ndicho kilichonitoa kwenye kiti. Nikasimama na koti langu linalonuka chai, nikamwambia Mzee Mbwana kila kitu: kwamba samaki waliugua nikaulizwa, nikajifanya najua, kwamba niliambiwa maji baridi nikaweka ya friji, kwamba Bi Zuhura aliniletea maji sahihi nikamkatalia mbele za watu, na kwamba kama kuna nuksi hapa ndani basi ina miguu miwili na imevaa mabuti.

Mzee Mbwana akainama, akachungulia beseni.

"Ya friji?" akauliza.

"Ya friji, mzee."

"Kisha ukawapa na chai?"

"Ya rangi, mzee."

Mabega yake yakaanza kutikisika, akashika ukuta, akacheka mpaka kofia ikaanguka, na alipopata pumzi akawageukia shangazi. "Hii si ishara. Huu ni ujinga tu, na ujinga hauvunji posa. Ingieni, tule." Siku ya ndoa ikapangwa jioni ileile. Mimi sikukaribishwa kwenye kikao, nilikaribishwa jikoni kuosha beseni, na nililiosha vizuri sana.

Mwaka uliofuata, 2015, nikahamishiwa Kibondo (niliandika barua tatu za kuomba, lakini nikiulizwa nasema ni utaratibu wa kawaida wa kazi). Nikajiambia huko nitaanza upya, nitajitambulisha kwa jina langu, Agnes, afisa mifugo, na nisilolijua nitasema silijui.

Wiki ya kwanza tu, mama mmoja akaingia ofisini na kikapu. Ndani kulikuwa na kuku mwenye vipele kichwani, ndui ya kuku waziwazi, lakini amelowa chapachapa na anatetemeka kuliko ugonjwa unavyomruhusu.

"Mama, huyu amenyeshewa?"

"Oya. Nimemwogesha maji ya friji tangu jana, asubuhi na jioni. Kuna Dokta mmoja alikuwa Kasulu, wanasema aliwaponya hivyo samaki wa baharini. Mbona wangu hapati nafuu?"

Nikavua koti langu, nikamfunika yule kuku. Nikamwambia, "Mama, yule Dokta wa Kasulu alikuwa hajui."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. "Ego," akasema. "Na mimi nilimwambia mume wangu hivyohivyo."