Fomu Arubaini za Wanu

Wanu Mudrik wa Bwejuu alisoma chuo Tunguu, na mie nna duka la fotokopi nje ya geti, kwa hiyo maisha yake nayajua kwa karatasi. Kila Jumatatu alirudi kutoka kwao na mfuko wa muhogo, akala yeye na wenzake watatu wa chumbani mpaka Jumatano. Alkhamisi wakaanza kunitazama mie.

Mwaka wa mwisho akafanya utafiti wa wanawake wanaolima mwani. Nkamchapia fomu arubaini za masuali, akazipeleka kwao. Sasa kule wanawake wanakwenda shamba pamoja, wanarudi pamoja, na ukiwauliza kitu anajibu mmoja. Wakakaa barazani kwa mama yake, Bi Mwanamwema. Yeye akasema, jirani yao Mayasa akaandika, maana ana mwandiko mzuri. Fomu arubaini, mwandiko mmoja, jibu moja.

Mwalimu wake, Dokta Kheir, ni mtu wa mjini. Akazipekua, akamwambia, "Wanu, hizi umezijaza mwenyewe chumbani. Kesho nipe sababu ya kutokukufelisha."

Mtoto akaja dukani analia. "Mjomba Msabah, mwaka mzima unakwenda hivi hivi!" Nkamwambia mpigie mama yako.

Asubuhi wakateremka wanawake tisa mbele ya duka langu. Nkawapeleka ofisini mwenyewe na, kusema kweli, sikuwa na haraka ya kutoka.

"Shikamooni," akasema Dokta.

"Marahaba, mwanangu. Fomu tumejaza sisi."

"Basi nambieni, bei ya mwani imeshuka, kwa nini bado mnalima?"

Bi Mwanamwema akajibu. Dokta akamgeukia mmoja wao, Bi Zeyana. "Na wewe, mama?"

"Si ashasema? Hukusikia?"

Dokta akamuomba Bi Mwanamwema atoke nje kidogo, akauliza tena. Bi Zeyana akachungulia dirishani. "We Mwanamwema! Hili la bei tumesemaje?"

Dokta akacheka mpaka akavua miwani. Halafu akamwambia Wanu, "Nimekudhania vibaya, nisamehe. Lakini fomu hizi hazifai. Nakupa wiki mbili, kamuulize kila mtu peke yake, shambani kwake, maji yakipwa."

Akaenda, magoti majini, karatasi kwenye mfuko wa plastiki. Yakatoka mambo ambayo barazani hayakusemwa. Mmoja anataka kuacha aoke mikate. Mwengine anaupenda mwani kuliko mumewe. Bi Mwanamwema, msemaji wa wote, alipoulizwa la kwake alifikiri mpaka maji yakaanza kujaa.

Wanu amefaulu, alhamdulillahi. Kitabu chake nimekifunga mie kwa mikono yangu, na ukurasa wa shukrani una majina arubaini, kila mwanamke na mstari wake. Wanawake wale nawashukuru, lakini Dokta Kheir namshukuru zaidi. Angeweza kumfelisha asubuhi ile, akenda zake kunywa chai, na hapana mtu angemlaumu.