PS5 ya Mzee Ezekia wa Igowole

Pale Mwanjelwa, jijini Mbeya, mtu akitaka runinga isiyo feki alikuwa akielekezwa kwa Tumpe. Alikuwa mjane wa miaka arobaini na saba, mrefu, si msemaji sana, aliyeanza kwa kutandaza betri na chaja mezani mpaka akapata fremu yake ya duka yenye vioo. Hakusifika kwa bei nafuu. Alisifika kwa neno lake. Tumpe akikwambia mzigo unaingia Alhamisi, Alhamisi unaukuta. Akikwambia hakuna, huna haja ya kuzunguka mji mzima, hakuna.

Ndiyo maana mwanzoni mwa mwaka 2021, ile mashine mpya ya gemu, PS5, ilipokuwa gumzo, watu waliingia dukani kwake mmoja baada ya mwingine. Walikuwa wameiona kwenye simu, nyeupe, imesimama wima kama kitu cha maonyesho, na kila aliyeiona aliitaka. Lakini haikuwepo. Wakala wake wa Kariakoo alimweleza kuwa hata Dubai wanaigombania, kwamba viwanda havina vipuri vya kutosha tangu korona iingie, na zile chache zinazotoka hunyakuliwa na walanguzi kabla hazijashushwa. Tumpe aliyarudia maelezo hayo mpaka mdomo ukachoka. Wachache walielewa. Ofisa mmoja wa benki aitwaye Adrian alimwambia mbele ya wateja kuwa anazificha stoo ili bei ipande. Mwingine alitapeliwa na muuzaji wa mtandaoni, akaletewa boksi lenye tofali lililoviringishwa gazeti, kisha akaja kumgombeza Tumpe kana kwamba tofali lilitoka kwake.

Mwishowe akafungua daftari. Kila aliyetaka aliandika jina na namba ya simu, hakuna aliyetoa hela, na Tumpe akaahidi kuwa zikija zitatoka kwa foleni ile ile.

Jina la kwanza kabisa lilikuwa la Ezekia.

Alikuja siku ya mvua mwezi Februari, anatembelea magongo, suruali upande wa kulia imekunjwa na kubanwa kwa pini juu ya goti. Alikuwa ametoka kliniki. Alisalimia kwa lugha ya kwao, "Kamwene," na Tumpe, ambaye dada yake ameolewa Iringa, akaitikia vivyo hivyo na kumsogezea kiti. Alidhani mzee anataka redio. Mzee alipotaja PS5, Tumpe alicheka kabla hajajizuia. Mzee naye akacheka, alishawazoea watu.

Akasimulia bila kuombwa. Alifanya kazi kiwanda cha karatasi kule Mgololo miaka ishirini na sita, na kwa muda mrefu alikuwa winga wa kushoto wa timu ya kiwanda. Kisukari kikaja kikala mguu. Aliporudi kwake Igowole alikaa anatazama ukuta, kanisani haendi, mgeni akija anajifanya amelala. Wenzake wa kiwandani ndio waliomtoa huko. Walichanga, wakamletea mashine ya zamani ya gemu ambayo wengine wameshaitumia, wakamwekea gemu la mpira. Mkewe, Esta, alidhani ni utani. Baada ya mwezi mmoja mzee alikuwa akiwafunga wote. Tangu hapo, kila Jumapili baada ya ibada, sebule ilijaa watu wazima wenye wajukuu wakinyang'anyana pedi za kuchezea kama watoto.

"Hii mpya wanasema picha yake safi sana," alisema. "Ile yangu wachezaji siwaoni vizuri. Naona rangi tu zinakimbia."

"Ya kwanza itakayoingia ni yako, baba," Tumpe akamwambia. "Nimesema."

Baada ya hapo mzee alipiga simu kila Jumamosi. Hakulalamika hata mara moja. Aliuliza hali ya Mbeya, akauliza biashara, mwishoni kabisa ndipo akauliza kama kuna habari. Tumpe akamwambia bado, naye akashukuru. Kati ya wateja wote wa daftari lile, wenye kelele na wenye matusi, yeye ndiye pekee ambaye simu yake haikumkera.

Mwezi Juni mashine moja ikaingia. Moja tu. Tumpe aliifungua katoni ya nje, akalipangusa vumbi boksi lenyewe, akaliweka juu ya kaunta na kuchukua simu atafute namba ya Igowole. Kabla hajaipata, akaingia Habibu.

Habibu alikuwa mfanyabiashara wa mchele, mteja wake wa miaka mingi, mtu wa kununua friji mbili kwa siku moja na kuagiza zipelekwe. Alipoliona boksi alilishika kwa mikono miwili. Tumpe akamwambia lina mwenyewe. Habibu akauliza mwenyewe ametoa kiasi gani. Hakutoa kitu, kuna ahadi tu. Habibu akataja bei yake, akapandisha, akapandisha tena mpaka ikafika mahali ambapo Tumpe aliacha kukataa. Wakala alikuwa amemwambia nyingine kumi ziko njiani, wiki mbili hazitapita. Mzee ni mvumilivu, wiki mbili kwake si kitu. Hayo ndiyo aliyojiambia. Mdomo wake haukutamka ndiyo. Alichofanya ni kulisogeza boksi upande wa pili wa kaunta.

Jumamosi mzee alipopiga simu, alimwambia bado.

Wiki mbili zikapita, zikapita nyingine mbili. Zile kumi hazikufika. Wakala akaanza kuzungumzia Septemba, kisha akaacha kutaja miezi. Tumpe, ambaye miaka yote hakuwahi kumdanganya mteja, sasa alikuwa na uongo mmoja wa kila Jumamosi, na kila ukirudiwa ulikuwa mwepesi zaidi. Hilo ndilo lililomtisha baadaye alipolikumbuka, wepesi wake.

Na alikuwa na nafasi ya kurekebisha. Mwezi Julai alikutana na Habibu benki, wakasalimiana, akamuuliza kama mashine inafanya kazi vizuri. Habibu akasema hata hajaifungua, iko kabatini. Aliinunua ampe shemeji yake, na shemeji amesafiri, labda atarudi Septemba. Tumpe angeweza kumwomba amrudishie. Angeweza kumrudishia hela yake yote na ya juu. Lakini kuomba kungemlazimu kueleza, na kueleza kungemlazimu kusema kwamba alimruka mtu mgonjwa. Akamtakia Habibu siku njema.

Katikati ya Agosti Jumamosi moja ikapita bila simu. Ikapita nyingine. Tumpe alijua angepaswa kupiga yeye. Badala yake alijisikia amepumua. Alijiambia mzee amechoka kusubiri, au ameipata kwingine, Iringa au Makambako, heri yake.

Mashine ya pili ilimfikia mwishoni mwa Novemba. Mara hii hakuiweka kaunta. Aliifungia stoo, akafunga na mlango wa duka, ndipo akapiga simu. Alipokea mama mmoja. Alijitambulisha kuwa ni Esta, akasema mwenyewe siku hizi hashiki simu. Tumpe akamwambia mzigo wa mzee umefika. Esta akasema, "Basi ulete, mama. Atafurahi ukija."

Angeweza kuutuma kwa basi, watu hutuma vitu hivyo kila siku. Alijiambia anaupeleka mwenyewe kwa sababu ni kitu cha thamani. Alfajiri ya Jumatano akapanda basi la kwenda Iringa, boksi miguuni, na gemu la mpira alilolinunua kwa hela yake ndani ya mkoba. Akashuka Nyololo, akatafuta gari la Igowole. Ukungu wa Mufindi ulikuwa umeshuka mpaka barabarani, misonobari inaonekana nusu nusu, na baridi ikampenya kupitia kitenge.

Mzee Ezekia alikuwa amekaa sebuleni, mbele ya runinga kubwa iliyozimwa, amevaa koti na kofia ya sufu. Uso wake ulielekea dirishani. Tumpe alisalimia, mzee akaitambua sauti mara moja na uso ukachangamka. Akamnyooshea boksi. Mkono wa mzee ulikuja, ukapita pembeni, ukashika hewa. Ulirudi, ukapapasa, ukalipata.

Tumpe alimtazama Esta. Esta akamwita jikoni kana kwamba ni kwa ajili ya chai, akamweleza kwa sauti ya chini. Jicho la kushoto lilikuwa limeshaharibika tangu mwaka uliopita, sukari. La kulia lilivujia damu kwa ndani mwezi Agosti, mzee akaamka asubuhi akauliza mbona hakujakucha. Madaktari walikuwa wamemwonya mapema kwamba halitakaa.

"Siku ile aliyokuja dukani kwako ndiyo alikuwa ametoka kuambiwa," Esta alisema. "Alitaka acheze kwa picha nzuri, wakati jicho bado lipo. Nilimwambia akueleze. Akasema si vizuri kumsukuma mtu kwa ugonjwa."

Waliporudi sebuleni mzee alikuwa ameshalifungua boksi mwenyewe, anapitisha vidole kwenye ubavu wa mashine. Akaomba iwashwe. Iliwachukua karibu saa nzima, Esta akishika nyaya na Tumpe akisoma maelekezo, mpaka uwanja ukatokea kwenye runinga, kijani kibichi, kila unyasi peke yake. Tumpe hakuwa ameona picha ya namna ile. Akatamani isingekuwa nzuri kiasi kile.

Mzee akashika pedi. "Mpira uko wapi?"

"Kwa mwenye jezi nyekundu," Tumpe akasema.

"Wekundu wako kumi na mmoja, mama. Upande gani?"

"Kushoto. Pembeni kabisa, karibu na mstari wa chaki."

Mzee akainamisha kichwa, kidole gumba kikasukuma. Yule mchezaji akakimbia na mstari, akampita mmoja, Tumpe akimwambia mbele kuna nani na nyuma kuna nani, akichelewa kila mara. Mzee akapiga. Pedi ikashtuka mikononi mwake.

"Hii ni nini?"

"Umegonga mwamba."

Mzee akabaki ameishikilia ile pedi, akiisikiliza kwa viganja. Tumpe hakuweza kuvumilia tena. Akamwambia yote, ya mwezi Juni, ya Habibu na bei yake, uongo wa kila Jumamosi, hata ya mashine kukaa kabatini. Hakulia, hakujitetea. Esta alikuwa amesimama mlangoni na birika mkononi.

Mzee aliiweka pedi chini. Watu wa kwenye runinga waliendelea kushangilia peke yao.

"Juni nilikuwa bado naona," alisema.

Hakupandisha sauti wala hakumfukuza. Alipoombwa msamaha alijibu kwamba amesikia. Alikataa katakata kuipokea mashine bure, na Tumpe alipong'ang'ania akamwambia asimwongezee jambo jingine la kubeba. Wakanywa chai. Mzee akauliza hali ya Mbeya, akauliza biashara, kwa adabu ile ile ya kwenye simu. Esta akamsindikiza mpaka kwenye gari.

Baadaye Tumpe alisikia kwa Esta kwamba wazee wa kiwandani bado hukutana pale Jumapili. Wanacheza wao, mzee anakaa katikati yao na kuwafokea wasikae na mpira. Wakati mwingine wanampa pedi anaishika. Wakati mwingine anaikataa.

Siku hizi PS5 ni kitu cha kawaida. Zimepangwa juu ya kabati la duka la Tumpe tatu tatu, zina vumbi, na mteja akiingia anaomba apunguziwe. Adrian wa benki alinunua yake bila hata kukumbuka matusi yake. Tumpe bado huenda Iringa kwa dada yake mara mbili tatu kwa mwaka. Basi hupunguza mwendo Nyololo, kondakta anaita wa Igowole washuke, watu wanashuka na magunia yao, na yeye anabaki kwenye kiti amefumba macho mpaka gari liondoke.