Askari Mwenye Gunia

Nakumbuka siku mamangu aliponiomba radhi mbele ya watu, njiani, mchana kweupe. Kaa hapo, mwanangu, na hiyo simu iweke kando kidogo. Chai ipo, mahamri nimekufunikia kwenye sahani, kwa hiyo hakuna la kukukimbiza. Maneno yenyewe si marefu, ila mimi huyarefusha, na hilo umeshalizoea.

Ilikuwa miaka ya hamsini, hapa hapa kisiwani, mtaa huu wa Mkomani. Nilikuwa mdogo, meno ya mbele yameng'oka, nasoma chuo cha Kurani kwa Bi Zena. Bi Zena alikuwa ajuza mwembamba mwenye sauti ndogo, lakini akinena, hata wanaume wa barazani hunyamaza wamsikilize. Chuo chake kilikuwa ukumbi wa chini wa nyumba yake, mikeka imetandikwa, wasichana upande huu na wavulana upande ule. Nyuma ya ua wake palikuwa na gofu, nyumba kubwa ya ghorofa ambayo wenyewe walikufa wakaisha. Paa lilikuwa limeshuka zamani, kuta zimebaki, na ndani mlimea mtomoko. Tuliambiwa mna majini. Nasi tukaingia vile vile, kwa sababu yale matomoko yalikuwa matamu kweli.

Mamangu alikuwa mpole, Mwenyezi Mungu amrehemu. Hakuwahi kunipiga hata kofi. Fimbo yake ilikuwa askari. Nisipolala, "Takwitia askari," yaani nitakuitia. Nisipokula, huyo askari yuwaya, anakuja. Nikilia, askari yuko mlangoni na gunia lake, atanitia ndani anipeleke bara, mama nisimwone tena.

Usicheke. Mama wote wa mtaa walisema hivyo. Askari wa wakati ule walikuwa watu wa mbali, hawayajui maneno yetu. Ukimwambia "ndoo", yaani njoo, yeye hutazama huku na huku aione hiyo ndoo ya maji iko wapi. Wakipita vichochoroni, milango ilifungwa. Leo nafahamu kwamba walikuwa vijana wa watu, wametupwa mbali na kwao, wala hawakuwa na gunia la mtu yeyote. Lakini mtoto hilo atalijuaje?

Basi mkubwa wa kituo cha polisi akaona kazi haiendi namna hiyo. Akatangaza kwamba anataka vijana wa hapa, wanaoujua mji, na wanaojua huyu ni mtoto wa nani na yule ni mjukuu wa nani. Majumbani pakawa na mnong'ono. Mtu wa ukoo wake aende akawe askari? Wachache wakajitokeza, mmoja wao Athmani, jirani yetu, mlango wao na wetu inatazamana. Athmani ndiye aliyekuwa akinibeba mabegani siku za Maulidi ili nione. Walipimwa kifua, wakakimbizwa mchangani, na Athmani akachukuliwa. Mamake alilia na watu wakaja kumpa pole, mwanawe mzima, anasimama pale pale na kikoi chake.

Akapelekwa bara kufundishwa. Mimi nikauliza Athmani yuko wapi, nikaambiwa amekuwa askari. Neno hilo lilinishinda. Nilivyofahamu kwa akili yangu ile ni kwamba askari wamemtia Athmani guniani. Siku aliporudi, ana uso wa Athmani na sauti ya Athmani, lakini amevaa kaptura ya kaki, magoti yako nje, na mkanda mpana kiunoni. Wazee wa barazani walitazama yale magoti wakageuza nyuso kwa haya. Mimi nilijifungia ndani, maana nilijua huyu si yeye.

Masika ya mwaka ule yalikuwa makali. Huko mtaa wa Langoni ukuta wa gofu ukaangukia zizi la punda, na ilikuwa bahati tu kwamba watoto walikuwa wameondoka hapo kitambo kidogo. Mkubwa wa kituo akampa Athmani kazi ya kuzunguka skuli na vyuo awaambie watoto wasipite wapi, na pale penye ukuta mbovu apazibe. Hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza, na nilikuja kuambiwa kwamba hakulala kwa furaha.

Sasa sikiliza vile mambo yalivyokutana. Asubuhi ile mamangu alitaka kuninywesha mafuta ya nyonyo, dawa ya tumbo. Nikayatema, yakamwagika kwenye leso yake mpya ambayo hata hajaikata vipande viwili. Hakunigombeza. Alinitazama kwa uchovu, akasema, "Leo takwitia askari kweli." Ile kweli ndiyo iliyoniingia. Nilikwenda chuoni, lakini hata herufi sikuziona.

Jua halijapanda sana, hodi. Athmani huyo, ametoa salamu, na begani ana gunia.

Wallahi, mwanangu, gunia lile lile la maneno ya mamangu. Bi Zena akamkaribisha. Akalitua lile gunia, ndani mkalia chuma. Akatazama watoto wote, akaniona mimi, na kwa kuwa ni mimi aliyenijua zaidi, akatabasamu, akasema, "Esha, hujambo?"

Alinitaja kwa jina. Ushahidi gani tena niutake? Niliinuka, nikapita uani, nikatoka kimlango cha nyuma, nikaingia gofuni. Yeye alikuja kutukataza mahali pale, na ni yeye aliyenitia pale.

Nilijibanza kwenye pembe, chini ya ukuta wenye vidaka vya kuwekea vyombo. Ukuta ule ulikuwa umefura kwa mvua, maji yanachuruzika, na kila mara kijiwe kinadondoka. Nikamsikia Athmani mlangoni anasema, "Esha, toka, ukuta huo mbovu." Nikasogea ndani zaidi. Akapiga hatua moja, mchanga ukamwagika juu ya kichwa changu, akasimama. Alifahamu kwamba akinifuata nitazidi kwenda palipo pabaya, na akirudi nyuma ataniacha chini ya mawe. Akabaki pale pale, haendi mbele wala nyuma.

Watu wakajaa kichochoroni. Kisha nikasikia sauti ya mamangu. Wewe umezaliwa zama nyingine, hutajua maana yake. Mamangu hakuwa mtu wa kutoka mchana, na akitoka, atoka na buibui lake, kwa haja maalumu. Siku ile alikuja mbio na leso kichwani, wanaume wamesimama. Akaita, "Esha, ndoo, mwanangu."

Sikuenda. Nililia kimya, nimeuma kiganja. Kwa sababu ni yeye aliyemwita, si ndiyo? Alisema asubuhi kwamba atamwita, na amemwita, na sasa amekuja kumsaidia kunikamata. Nimezika mume, nimezika ndugu, nimeona mengi katika dunia hii, lakini sijapata kuumia kama nilivyoumia pale, nikiamini kwamba mamangu amenitoa nichukuliwe.

Akaona siji. Akasema, "Askari amekwenda zake, Esha. Toka."

Nikachungulia kwenye tundu la ukuta. Nikaona goti.

Basi nikarudi pembeni kabisa, pale palipofura, nikajikunja nikafumba macho. Jiwe kubwa kidogo likaanguka karibu na mguu wangu, na nje watu wakashika vinywa. Mmoja akasema aingiwe kwa nguvu. Athmani akakataa, akasema ukiingia mguu wa mtu mzima ukuta utashuka.

Ndipo Bi Zena alipofika. Akamgeukia mamangu. Hakupandisha sauti, lakini mimi niliyasikia yote, kwa kuwa kila mtu alinyamaza.

"Mwana huyu hamkimbii Athmani," akasema. "Akimbia maneno yako. Yatoe wewe uliyoyatia."

Fikiri, mwanangu. Mke wa watu, mbele ya mashemeji na majirani, aambiwe hivyo. Angeweza kukasirika akasema hanifundishi mtu kulea. Angeweza kulia tu, na watu wangemhurumia. Nilimsikia akipiga magoti kwenye tope, pale penye mlango wa gofu.

"Esha," akasema, "nalikwambia urongo. Askari hachukui wana. Hana gunia la wana, wala mimi leo sikumwita. Na sasa hivi nimekwambia amekwenda, na huo pia urongo. Yupo hapa, kando yangu. Ni Athmani yule yule. Niwie radhi, mwanangu."

Nitakwambia kilichonitoa. Si machozi yake, ingawa alilia. Ni pale aliposema yupo hapa. Goti nilikuwa nimeliona kwa macho yangu, na sasa mama amelitaja. Kwa kuwa hilo alilisema kweli, nikaona huenda na yale mengine ni kweli.

Lakini sikuwa mjinga. Nikauliza, "Na gunia?"

Athmani akakaa chini, kaptura yake mpya topeni, akaligeuza gunia juu chini. Ikatoka nyundo, misumari, vipande vya mbao, kamba, na mkate wa mofa uliotafunwa nusu. Watu wakacheka, na yeye mwenyewe akaona haya. Kisha akaniambia polepole nipite upande wa mtomoko, nisiguse ukuta, nisikimbie. Nikapita upande wa mtomoko, sikugusa ukuta, sikukimbia. Nilifanya alivyosema askari.

Mamangu alinikumbatia mpaka nikakosa pumzi, leso yake inanuka nyonyo. Athmani akavua kofia akajifuta uso, akageukia pembeni ili tusimwone. Bi Zena naye hakumwacha. Akamwambia siku nyingine akija kwa watoto aje na mikono mitupu, akae mkekani aulizwe maswali, na vyuma vyake aviache nje. Akafanya hivyo. Alikuwa akija, sisi tunamshika mkanda na kuijaribu kofia, naye anatuonyesha kichochoro gani kibovu, na mtu tusiyemjua akituita tufanye nini. Mlango wa gofu aliugongomea mbao mchana ule ule. Ukuta ulishuka siku chache baadaye. Tuliusikia tuko chuoni, vumbi likatuingilia uani. Bi Zena akasema alhamdulillahi, akatuamuru tuendelee pale tulipokomea.

Tangu hapo mamangu hakunitisha tena na askari, wala na jini, wala na chochote. Nyonyo aliniletea ile ile. Akaniambia, "Ni mbaya, itakuchefua, na utaimeza." Nikaimeza. Nilimpa tabu nyingine nyingi, usidhani nilikuwa malaika, lakini akisema neno nilijua ndivyo lilivyo.

Miaka ikapita, nikaolewa, nikazaa mamako. Mamangu akaugua, maradhi yale yaliyomlaza. Jamaa walikuwa wakiingia chumbani wakimwambia atapona, ana nafuu, uso umerudi rangi. Siku moja tumebaki wawili, nikamuuliza, mama, utapona? Akanitazama akasema, "La, Esha. Sitapona." Nikajua ni kweli. Wenzangu waliendelea kungoja apone, na alipoondoka hawakuwa wamemwambia lolote. Mimi nilikuwa nimeshamwambia yote. Nilimshukuru, nikamuomba radhi, naye akaniomba radhi mara ya pili, tukacheka kidogo kwa kulikumbuka lile goti. Wasaa ule niliupata kwa sababu siku moja alipiga magoti topeni akaniambia amesema urongo.

Sasa nakuja kwako, mwanangu. Jana nilikusikia huko juu ukimwambia Salma kwamba asipomaliza wali utampigia polisi. Na juzi wewe mwenyewe ulinieleza kwamba askari wa kike alikwenda skulini kwao kuwafundisha watoto njia za kujilinda, na Salma akajificha nyuma ya mwalimu, hakutaka hata kumpa mkono. Ukashangaa. Mimi sikushangaa.

Usimtishe mtoto kwa mtu ambaye siku moja atamhitaji. Salma akipotea sokoni, akifuatwa na mtu mbaya, akiona jambo asilolifahamu, atamkimbilia nani? Waambie wanao askari ni mtoto wa watu, ana mamake, ana njaa kama wao. Akiwa mbaya, waambie huyu mmoja ni mbaya, maana wako pia, sitakudanganya. Na dawa ikiwa chungu, sema ni chungu. Na ukishateleza ukasema urongo, kwa kuwa sote huteleza, usingoje mtoto akue asahau, kwani hasahau. Piga magoti umwambie. Heshima yako haitapungua. Mimi nimekwisha kuwa bibi kizee, na siku niliyomheshimu mamangu kuliko zote ni ile aliyochafuka tope.

Mwenyezi Mungu akuhifadhie Salma, amzungushie watu wema aendako na arudiko. Ayafanye maneno yako kuwa mahali pa yeye kukimbilia. Na siku utakapokuwa wewe kitandani na yeye ameketi kando yako, akuulize kwa ulimi wake, nawe umjibu, na akuamini. Amin.