Picha Aliyouchorea Ukuta

Saa tisa alasiri, sinia la wali na samaki limekwisha kuondolewa na makaa yameshika vizuri chini ya birika. Kiné Diaw ameketi kwenye kiti kifupi uani kwa mjomba wake, mtaa wa Sor, hapa katika mji wa Ndar, kaskazini mwa Dakar. Mbele yake kuna meza, na juu ya meza kuna kioo kitupu kilichofutwa mpaka mawingu yanaonekana ndani yake. Ameshika kalamu ya wino mweusi, lakini hachori. Anasubiri.

"Tayari?" anauliza Absa, binti wa mjomba.

"Mimina."

Absa anainua birika juu na kuiachia chai ya kwanza ianguke kwenye glasi ndogo. Povu likianza tu kupanda, mkono wa Kiné unaanza kukimbia. Hafuatishi mchoro wowote, kwa sababu hakuna mchoro. Redio ya jirani inatangaza mieleka. Ng'ambo ya ukuta fundi cherehani anazozana na mteja kuhusu mkono wa kanzu. Vyote vinaingia kwenye kioo: bega la mwanamieleka, sindano, mdomo wa mteja ulioachama. Chai ya kwanza chungu inanywewa, kalamu inapokewa na brashi ya rangi, inafuata chai ya pili, kisha ya tatu yenye sukari nyingi. Glasi ya mwisho ikirudi kwenye sinia, Kiné anaweka brashi chini.

"Ikipita chai ya tatu sigusi tena," anasema. "Kilichoingia kimeingia."

"Na wali uliokula umeingia wapi?" anauliza mjomba wake, Birahim Sène, kutoka mlangoni. "Maana mimi kazi sijaiona."

Ni Alhamisi. Jumamosi baraza la walimu wa chuo chake cha sanaa litatazama kazi zake tano na kuamua kama zitaingia kwenye maonyesho ya wahitimu. Mwaka jana lilimkataa. Mwanafunzi akikataliwa mara ya pili, anaondoka bila cheti.

Kiné ana miaka ishirini na minne. Alikuja kulelewa kwa mjomba akiwa na miaka tisa, na kabla hajajua kupika alijua kuchora kwenye kioo. Ni kazi yenye adabu yake. Kioo huchorwa upande wa nyuma, na kinachotangulia kuchorwa ndicho kitakachoonekana mbele. Kwa hiyo fundi huanza na saini yake, akiiandika kinyume, kisha mistari myeusi ya sura na nguo, kisha rangi, na mwisho kabisa rangi ya nyuma inayofunika kila kitu. Hapo ndipo kioo hugeuzwa na picha kuzaliwa.

Mjomba Birahim hulaza karatasi yenye mchoro chini ya kioo na kuifuatisha. Mashehe wake, farasi wake na mabibi wake wenye hereni kubwa wananing'inia katika vyumba vingi vya mji huu, na kioo kimoja huuzwa faranga elfu sita pale darajani. Mkono ukiteleza, kuna wembe: mstari hukwaruzwa, ukachorwa upya. Mnunuzi hawezi kujua. Fundi mwenzake atajua, kwa sababu mgongo wa kioo haufichi kovu. Ndiyo maana mafundi wa hapa hawasalimu picha usoni. Huigeuza kwanza.

Mwaka jana Kiné alipeleka chuoni vioo vitano visivyo na kasoro. Mwalimu wake, Oulimata Badji, mwanamke mrefu wa Kidiola asiyependa maneno mengi, alivitazama kimoja kimoja.

"Aliniambia, 'Mjomba wako amechora vizuri sana. Wewe umeleta nini?'" Kiné anakumbuka. "Nikavuka daraja zima bila kumsalimu mtu. Jioni watu wakaja nyumbani kuuliza kama tumefiwa."

Wengine wangeacha. Yeye alianza kusafiri. Kila alipopata nafasi alipanda teksi ya watu saba kwenda Dakar na karanga zake za kuchemsha, akaingia kila ukumbi uliokuwa na maonyesho. Mtu anayetaka kuendelea hana shule bora kuliko kutazama kazi za wenzake kwa subira, na subira Kiné anayo. Katika ukumbi mmoja alikuta turubai kubwa kama mlango wa ghala, rangi zimerushwa kana kwamba mchoraji alikuwa akikimbia. Alisimama mbele yake mpaka mlinzi akamletea kiti.

"Binti, hiyo picha haitembei," mlinzi alimwambia. "Kaa."

"Nilikuwa natafuta mahali mkono wake ulipoanzia," anasema Kiné. "Sikupaona. Pamefunikwa na rangi nyingine."

Aliporudi Ndar alianza majaribio ambayo jirani zake bado wanayacheka. Alichora kwa mkono wa kushoto. Alichora amefumba macho. Alitandaza magunia ya mchele uani akayamwagia rangi, na kondoo dume wa nyumbani, anayelishwa kwa ajili ya sikukuu, akapita juu yake kwato zikiwa zimelowa buluu.

"Hiyo ya kondoo ndiyo ilikuwa nzuri," anasema Mjomba Birahim. "Kondoo alijua anakokwenda."

Mwalimu Badji naye aliyatazama magunia kwa muda. "Zile za mwaka jana zilikuwa za mjomba wako," alisema. "Hizi si za mtu."

Basi siku moja, kwa hasira, Kiné akachukua kioo. Hakuweka karatasi chini. Akaachia mkono, na katika ile haraka akafanya kosa ambalo mtoto wa nyumba ya vioo halifanyi hata usingizini: akaanza na rangi ya nyuma. Alipaka njano kioo kizima, kisha juu ya njano akachora kila alichosikia, yaani cherehani, ugomvi wa majirani, kuku, kicheko cha Absa. Alipomaliza alikigeuza. Mbele hapakuwa na cherehani wala kuku. Palikuwa na njano tupu, mwanzo mpaka mwisho.

Mjomba alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. "Umeuchorea ukuta," alisema. "Tukitundika hapo, ukuta utaona picha na sisi tutaona njano. Ukuta una bahati."

Kiné hakucheka. Alikuwa ameona kitu. Kwenye turubai, mkono wa kwanza huzikwa chini ya mikono mingine. Kwenye kioo, mkono wa kwanza hubaki mbele, na hakuna rangi inayoweza kuufunika. Anayetaka kuchora papo kwa papo, bila kupanga na bila kujificha, hana mahali pa kweli zaidi ya hapo. Kuanzia siku hiyo akaachana na magunia. Akajiwekea sharti ambalo sasa amelibandika chini ya kazi zake zote: bila mchoro, bila wembe, chai tatu.

Mjomba alimpa vioo lakini hakumpa baraka. "Fundi cherehani gani anakata kitambaa bila kupima?" anauliza. Kwenda kuziona picha hizo ukumbini hakutaka hata kusikia. "Picha zangu zipo kwenye vyumba ambamo watu wanakula na kulala. Huko ukumbini nani anakula?"

Hata hivyo, Jumamosi asubuhi, vioo vitano vikiwa vimetundikwa katika ghala la zamani karibu na mto, ambalo chuo hulitumia kama ukumbi, na baraza limekwisha kukaa kwenye viti vyake, Mjomba Birahim aliingia amevaa kanzu yake ya Ijumaa. Mwalimu Badji alimwona wa kwanza. Yeye ni Mdiola na mjomba ni Mserere, makabila yanayotaniana tangu kale hata kuitana watumwa, na watani hao hawajui kuachiana.

"Mserere, umepotea njia? Huku hakuna wali."

"Nimekuja kumchukua mtumwa wangu," alijibu mjomba. "Nasikia siku hizi anajiita mwalimu."

Watu walicheka na ukumbi ukalegea. Mjomba akaenda moja kwa moja kwenye kioo cha kwanza, akakitoa kwenye msumari.

"Mzee, hapa hatugusi," alisema mlinzi wa ghala.

"Sigusi. Naisalimu picha."

Aligeuza cha kwanza, akapitisha kidole mgongoni, akakirudisha. Cha pili. Cha tatu. Cha nne. Cha tano kilikuwa mwanamieleka, kile ambacho Mwalimu Badji alikuwa amekisifu mbele ya wenzake dakika chache kabla. Hapo kidole kilisimama. Kikarudi nyuma kidogo. Kikasimama tena.

Mjomba alimtazama mpwa wake. Kiné alitazama sakafu.

"Vipi?" aliuliza Mwalimu Badji. "Kuna nini?"

"Mguu," alisema mjomba. Akakitundika kioo taratibu, akakinyoosha kikae sawa. "Mguu mzuri sana."

Jambo lingeweza kuishia hapo. Walimu walikuwa wameanza kusogea. Lakini Kiné alisema, kwa sauti ndogo ambayo hata hivyo ilifika kila kona ya ghala, "Wembe umepita hapo, mwalimu. Ule mguu wa kwanza ulikuwa mbaya. Niliukwaruza baada ya chai ya tatu."

"Nani amekuuliza?" alisema mjomba kwa kunong'ona.

Kiné alikitoa kioo mwenyewe na kukiegemeza chini, uso ukutani. Zikabaki kazi nne.

"Umefanya sawa," alisema Mwalimu Badji. "Lakini kanuni ni tano, Kiné, na sikuiandika mimi. Baraza litarudi kuamua baada ya sala ya adhuhuri."

Kiné aligeuka kumtafuta mjomba wake, akakuta ameondoka bila kuaga.

"Nilijua nimemwaibisha," anasema. "Alikuwa amenifichia siri mbele ya watu, mimi nikaivua nguo. Nilikaa chini nikawaza nitamwambia nini nikifika nyumbani."

Sala ilikwisha. Walimu walikuwa wakirudi kwenye viti vyao wakati gari la farasi liliposimama nje, mjomba akashuka kwa uangalifu wa mtu aliyebeba mayai. Mikononi alikuwa na kitu kilichofungwa kwa shuka. Akakifungua mbele ya Kiné. Kilikuwa kile kioo cha njano.

"Nilidhani umekitupa," alisema Kiné.

"Nakitupaje? Kilikuwa nyuma ya kabati langu." Mjomba alikuwa anahema. "Mchoro hakuna. Wembe hakuna, nimekipapasa chote. Na chai siku ile ulikunywa tatu, Absa ni shahidi."

"Lakini mbele ni njano tupu, Mjomba."

"Basi nani amekulazimisha kukitundika kwa mbele?"

Walikitundika mgongo ukiwatazama watu, rangi ikiwa wazi, jambo ambalo hakuna fundi wa Ndar anayelifanya kwa sababu vumbi na vidole hula rangi. Cherehani ilionekana, na kuku, na majirani wawili wamenyoosheana vidole, na katikati kicheko cha Absa, ambacho Kiné alikichora kama mstari mmoja mwekundu unaopanda. Walimu walisogea karibu. Mmoja alisema kimetundikwa vibaya. Mwingine alisema hakijawahi kutundikwa vizuri zaidi. Walibishana mpaka Mwalimu Badji akauliza mbona hakina saini.

Kiné alikuwa ameisahau. Kwenye kioo saini ndiyo hutangulia, na siku ile hasira ilitangulia. Mjomba alitoa brashi nyembamba mfukoni na kikopo cha rangi nyeusi, kana kwamba alikuwa amelisubiri swali hilo.

"Andika," alisema. "Leo hakuna kinyume. Andika kama watu."

Ndicho kioo pekee kutoka nyumba ile chenye jina lililoandikwa kwa kunyooka, na likaandikwa mwisho. Kazi tano za Kiné Diaw zimekubaliwa. Maonyesho yalifunguliwa juzi, naye atapata cheti chake mwezi ujao.

Anakusudia kuendelea kwenda kwenye kumbi za Dakar na karanga zake, lakini maonyesho yake mwenyewe ya kwanza anataka kuyafanya katika nyua za Sor, nyumba kwa nyumba, wakati wa chakula, vioo vikiwa vimetundikwa juu ya masinia. Mjomba Birahim amekubali ua wake uwe wa kwanza, kwa sharti kwamba Absa ndiye atakayepika.

Siku ya ufunguzi, bwana mmoja kutoka Dakar alisimama muda mrefu mbele ya kile kioo cha njano, kisha akauliza bei. Kiné alifungua mdomo kujibu, lakini mjomba alimwahi.

"Hicho hakiuzwi," alisema. "Hicho ni cha ukuta. Sisi tumekiazima tu."