Hodi ya Mwenye Nyumba

Sitasema nilimsamehe. Watu wa kanisani kwetu wanapenda kisa kinachoishia kwenye msamaha, halafu chai na mandazi, lakini hiki hakikuishia huko, na ninayekisimulia ni mimi.

Mwenye nyumba wangu alikuwa mzee wa kanisa letu la Wakenya hapa Sydney, yule anayesoma matangazo kila Jumapili na kuwasahihisha wenzake Kiswahili. Alitutangulia nchi hii kwa miaka mingi. Wakati wengi wetu tulikuwa bado tunalala wanne chumba kimoja, yeye alishanunua nyumba mbili. Ya pili, ya matofali, yenye vyumba vitatu, iko mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka stesheni ya Seven Hills. Ndiyo aliyonipangisha baada ya mimi na mume wangu kuachana.

Wakati huo maajenti wa nyumba walikuwa wananikataa mmoja baada ya mwingine. Mwanamke peke yake, mtoto mmoja, kazi ya zamu kwenye makao ya wazee: nilikuwa nikiona jibu usoni mwao kabla hawajafungua mdomo. Yeye hakuniuliza karatasi nyingi. Aliandaa mkataba wa miaka miwili, akasisitiza iwe miwili kamili, kwa sababu alisema hataki mpangaji wa kuhamahama. Nilitia sahihi nikilia. Ninayaandika haya ijulikane kwamba nilianza kwa kumpenda yule mzee.

Mwaka wa kwanza alikuja kila alipojisikia. Mlango wa mbele ukiwa wazi, ule wa wavu wa kuzuia nzi umerudishwa tu, ungesikia "Hodi!" na mimi huku jikoni nishajibu "Karibu!" kabla sijajua hata ni nani. Ndivyo nilivyolelewa. Kwa mama yangu, mtu akipiga hodi ukamnyamazia, wewe ndiye umekosa adabu, hata kama ni mdai. Basi angeingia, aketi, anywe chai, kisha azunguke nyumba akigusagusa mapazia na kufungua oveni kuangalia kama nimeisugua. Binti yangu, aliyekuwa na miaka minane, angemwamkia kwa Kiingereza. Mzee angecheka na kunitikisia kichwa. Aliniambia mara nyingi, hata mbele ya watu kanisani, kwamba ninalea Mzungu, kwamba mtoto anaelewa lugha lakini ulimi umekufa, na kosa ni la mama. Nilimeza. Alikuwa amenipa paa.

Mwaka wa pili ulipoanza, akaipenda nyumba nyingine kubwa zaidi, na ili aipate ilimbidi auze hii. Akaja na hodi yake, akanywa chai yangu, akaniambia nihame mwisho wa mwezi kwa sababu wanunuzi wanataka nyumba tupu. Nilimkumbusha kwamba mkataba bado una miezi kumi. Akatabasamu jinsi anavyotabasamu akisahihisha Kiswahili cha mtu. Mambo ya mkataba, alisema, ni ya Wazungu, na sisi ni watu wa nyumbani, tutaelewana kindugu.

Kuelewana kwenyewe kulikuwa hivi: akaanza kuja mara tatu, mara nne kwa wiki. Leo na fundi wa kupima paa, kesho na mpiga picha, keshokutwa na shemeji yake anayetaka tu kuona bafu. Kila mara hodi, na kila mara mimi, mjinga, karibu. Sikuwa nalala. Ninafanya kazi usiku, na mchana wangu ndio usiku wangu. Nilianza kutoa dawa za wazee nikihesabu vidonge mara mbili kwa hofu ya kukosea.

Halafu ikaja siku ile ya likizo ya shule. Nilikuwa nimetoka zamu, nimempa mtoto kifungua kinywa, nimemwacha sebuleni na televisheni, nikaenda kulala. Joto lilikuwa kali. Nililala bila shuka, na nguo ya ndani tu. Niliamshwa na mlango wa chumba changu ukifunguliwa. Kizingitini alisimama mzee wa kanisa, na nyuma yake mwanamume na mwanamke nisiowajua, wameshika karatasi zenye picha ya nyumba yangu. Yule mwanamke alifunika macho. Mzee hakufunika chochote. Aliwageukia akawaambia kwa Kiingereza, kwa utulivu kabisa, wasijali, huyu ni dada yetu tu. Kisha akawaonyesha kabati la ukutani.

Nilikaa kitandani nimejizungushia pazia hadi gari lao lilipoondoka. Halafu nikamwita binti yangu, nikamuuliza swali moja: uliwafungulia mlango? Akasema no. Sikumuuliza la pili.

Tangu siku hiyo nilimweka kiporo. Jumapili nilimsalimia, nikampa mkono, nikamsikiliza akisoma matangazo. Katikati ya wiki nilipiga simu kwa wale wanaowashauri wapangaji bila malipo. Nilipata mama mmoja mwenye sauti ya polepole, akanieleza mambo ambayo ningepaswa kuyajua tangu siku niliposhuka ndege. Kuuza nyumba hakuvunji mkataba ambao muda wake haujaisha, kwa hiyo anayenunua ananunua na mpangaji ndani. Mwenye nyumba hana ruhusa ya kuingia anavyotaka. Kukagua kunahitaji taarifa ya siku saba kwa maandishi, na si zaidi ya mara nne kwa mwaka. Kuleta wanunuzi kuna barua yake ya mwanzo na masharti yake. Mpangaji akikubali mwenyewe, hiyo ni habari nyingine. Akaniuliza: uliwahi kumkubalia aingie bila taarifa? Nikasema hapana, kwa sauti kavu, na niliamini ninasema kweli.

Nilifungua shauri kwenye baraza linalosikiliza kesi za nyumba. Sitajifanya nilitaka haki peke yake. Nilitaka haki, lakini zaidi nilitaka aulizwe maswali na mtu ambaye hawezi kumsahihisha. Nilitaka ajue kusimama uchi mbele ya wageni kulivyo. Nilinunua suti kwa ajili ya siku hiyo.

Kabla ya kusikilizwa tulipewa chumba kidogo tujaribu kupatana. Alikuwa amevaa tai ya kanisani. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, hii maneno si ingeisha kwa nyumba? Umeniburuta mbele ya watu wa nje."

Nikamjibu, "Mzee, hao watu wa nje ni wewe uliwaleta kwangu kwanza."

Hatukupatana.

Aliyesikiliza shauri alikuwa mama wa Kizungu, mwenye nywele za mvi na miwani ya kamba. Alimuuliza mzee kama alikuwa akitoa taarifa kwa maandishi. Mzee akasema hakuhitaji, kwa kuwa mpangaji alikubali kila mara. Akaeleza, kwa kujivunia, kwamba kwetu kuna utaratibu wa kuomba ruhusa mlangoni, na ni mkali kuliko barua. Mtu husema neno moja, husubiri, na haingii mpaka aliye ndani ajibu. Mama yule akaandika maneno yote mawili, akauliza herufi zake. Kisha akanigeukia. Akaniomba nimwambie mimi mwenyewe hilo neno la kujibu lina maana gani, na kama nililitamka.

Nilihisi jasho ndani ya suti mpya. Miaka yote hiyo nilidhani ile ni salamu. Ilinibidi niseme kwa mdomo wangu, kwa Kiingereza, kwamba maana yake ni ingia, na kwamba ndiyo, nilisema, kila mara. Akaandika. Nikaona mzee analegeza tai. Ziara zote za fundi, mpiga picha na shemeji zikafutika kwenye shauri langu pale pale. Nilikuwa nimemfungulia mwenyewe kwa adabu za mama yangu.

Ikabaki siku ile moja. Nani alijibu siku ile, aliulizwa, ikiwa mpangaji alikuwa amelala? Mzee akasema alipiga hodi kama kawaida, na sauti ya mtoto kutoka sebuleni ikajibu karibu.

Hapo ndipo nilipomkamata. Niliomba kuuliza swali, nikaruhusiwa. Nilimuuliza mtoto alijibu kwa lugha gani. Akasema Kiswahili, lile neno lenyewe. Nikamuuliza kama si yeye aliyesema mbele ya kanisa zima, Jumapili baada ya Jumapili, kwamba mtoto wangu hajui kujibu Kiswahili na kwamba ulimi wake umekufa. Nikamuuliza tena, taratibu, ni lini alipata kumsikia mwanangu akitamka neno moja la Kiswahili. Mwishowe akasema, labda hakusikia vizuri. Aibu aliyonivisha muda wote ule niliivua nikamvika yeye, na ilimkaa sawasawa.

Baraza likaamuru asiingie tena bila taarifa ya maandishi, na mkataba wangu uendelee hadi siku yake ya mwisho. Wale wanunuzi wakajiondoa. Nyumba kubwa aliyoitamani ikachukuliwa na mwingine.

Wengine wangeishia hapo. Mimi nilikaa ndani ya gari langu kwenye maegesho, nikaandika ujumbe kwenye kundi la simu la kanisa letu. Niliandika kwamba mzee wetu amesimama mbele ya baraza akamsingizia mtoto wa miaka tisa maneno, na alipoulizwa akashindwa kujitetea. Nilisoma mara mbili kuhakikisha hakuna kosa la Kiswahili, kisha nikatuma. Baada ya wiki tatu matangazo yalikuwa yanasomwa na mtu mwingine. Mkewe aliacha kunisalimia. Nililala vizuri, na nasema hivyo waziwazi: sijawahi kulala vile tangu nije Australia.

Jumamosi moja nilikuwa jikoni nikiongea kwa simu na rafiki yangu muuguzi anayeishi Minto, nikimsimulia kwa mara ya kumi. Nilikuwa nacheka. Nilisema, huyu wangu huyu, wa kuombwa maji kwa Kiswahili akaleta kwa Kiingereza, eti aseme karibu! Nilipokata simu, binti yangu alikuwa amesimama karibu na friji. Sura yake ilikuwa ya mtoto aliyevunja kitu.

"But I did say it, Mum," akasema. "I said karibu. You always say it."

Nilimuuliza kwa nini alinidanganya siku ile. Akasema hakudanganya. Nilikuwa nimemuuliza kama alifungua mlango, na mlango walijifungulia wenyewe. Alikuwa amejibu tu, kwa sababu mzee alipiga hodi na mama alikuwa amelala, na alifikiri ni vibaya kunyamaza. Alitaka nifurahi. Alidhani akiniambia nitamkasirikia, na nilivyoanza kesi akaogopa zaidi.

Nikamwambia hajakosa, arudi akacheze. Sauti yangu ilikuwa shwari. Jumatatu yake nikampigia tena yule mama wa ushauri, nikamuuliza, kana kwamba ni jambo la mtu mwingine, kama mtoto anaweza kumruhusu mwenye nyumba kuingia. Akasema hapana, mtoto si mpangaji. Hata kama angemkaribisha kwa wimbo, ningeshinda vilevile. Nilimshukuru, nikakaa na simu mkononi. Kwa hiyo shauri langu halikuhitaji mzee aonekane mwongo. Aliyehitaji hivyo ni mimi.

Ningeweza kuandika tena kwenye kundi. Ujumbe wa mistari miwili ungetosha. Niliuandika mara kadhaa kichwani, na kila nilipofika kwenye neno samahani niliona kile kizingiti, na yeye akiwaonyesha wageni kabati huku mimi nikitafuta cha kujifunika. Kuhusu neno la mtoto alisema kweli. Kuhusu mimi kuwa dada yake hakusema kweli. Nikaamua moja lilipie lingine, na sikumuuliza mtu kama hesabu hiyo ni sahihi.

Alikuja mara moja tu baada ya hapo, kwa barua, siku saba kabla, saa imeandikwa. Alisimama nje ya mlango wa wavu na kubonyeza kengele. Alikuwa amepungua. Alikagua vyumba bila kugusa pazia wala oveni, na chumba changu alikitazama akiwa koridoni. Wakati wa kutoka alisimama, akanitazama usoni, na hakukuwa na tabasamu la kusahihisha mtu.

"Dada," akasema, "mtoto aliniitikia. Nakuuliza wewe tu, si kwa sababu ya mtu mwingine. Unajua kwamba aliniitikia?"

Binti yangu alikuwa nyuma yangu. Nilisikia pumzi yake.

Nikasema, "Baraza lilishaamua, mzee."

Alitikisa kichwa mara moja, akaenda. Nilifunga mlango, nikageuka. Binti yangu hakuwa akimwangalia mzee dirishani kama nilivyodhani. Alikuwa akiniangalia mimi, na hakunisemesha mpaka siku ya pili.