Nilivyowasha Gari la Baba Mkwe kwa Kupitia Dirishani

Jamani, mnaotaka kucheka chekeni kabisa sasa hivi, maana nikishaanza sitaki kukatizwa: mimi ndiye yule fundi wa Mikumi aliyelala mapajani kwa mama mkwe wake, mchana kweupe, mbele ya kanisa zima pale Kilosa, na kipaza sauti kikitangaza. Nimeshaisikia habari hii ikisimuliwa kwenye basi na watu wasionijua, wakaongeza chumvi eti tulikuwa tumelewa (mama yule hajawahi kuonja hata togwa iliyolala), basi leo naisema mwenyewe ilivyokuwa, na mwili bado unanisisimka.

Zilikuwa enzi za ruksa, magari yaliyotumika Japani yameanza kumiminika nchini, na Mzee Yakobo, baba yake Neema niliyetaka kumwoa, akajinunulia saluni nyeupe, otomatiki, ya kwanza mtaani kwao. Watu walikuwa wanakuja kuchungulia chini ya usukani, wanaona pedali mbili, wanauliza ya tatu imeibwa na nani. Mzee mwenyewe maisha yake yote alikuwa ameendesha Landrova ya shamba la mkonge, kwa hiyo gari lile alilipenda lakini hakuliamini.

Mimi wakati huo nina kibanda changu cha umeme wa magari Mikumi, kando ya barabara kuu, na nimeshapeleka posa kwa Neema, mwalimu wa shule ya msingi, msichana ambaye akikuuliza swali unajikuta umesimama wima. Jibu la posa lilikuwa litolewe Jumapili ya sikukuu ya mavuno, baada ya ibada. Sasa wiki hiyo hiyo Mzee akaniletea gari: linagoma kuwaka. Leo linawaka vizuri, kesho unazungusha ufunguo, kimya, hata tiki husikii. Na ugonjwa wa umeme wa kuja na kuondoka ndio mbaya kuliko yote, kwa sababu gari likifika kwa fundi linakuwa zima, kama mtoto anayeacha kulia mkifika tu hospitali.

Nikapima betri, nzima. Nikasafisha vichwa vya betri, nikashusha stata, nikaifungua yote, nzima. Nikakaza waya za ethi zote. Gari linawaka tu, linanicheka. Mpaka Jumamosi mchana, Mzee na Neema wamekuja kulichukua, ndipo likagoma mbele ya macho yangu, na nikafurahi kama nimeokota kitu. Nikatoa gia kwenye P, ya kuegeshea, nikaweka N, ambayo gia haijashika, likawaka. Nikarudisha P, kimya. Nikatikisa kile kijiti cha gia, likawaka. Hapo nikaujua ugonjwa! Ubavuni mwa giaboksi ya otomatiki kuna swichi, kazi yake ni kuikatalia stata isizunguke kama gia imeingia, ili gari lisije likawaka na kuondoka lenyewe. Swichi ile ilikuwa imechafuka ndani, mara inashika, mara haishiki.

Dawa yake ilikuwa kuifungua, kuisafisha na kuipanga upya. Lakini bolti zimeshika kutu, jua linashuka, na Mzee amesimama juu yangu anasema, "Fundi, kesho nalitaka kanisani, wakwe wanakuja." (Wakwe wenyewe ni mjomba wangu na mimi!) Nikafanya nini? Nikazikata zile waya mbili zinazokwenda kwenye swichi, nikazisokota pamoja, nikazungushia tepu nyeusi. Mafundi tunaita kuunga dairekti. Nikapiga ufunguo, waa! Nikapiga tena, waa! Halafu kwa kutaka sifa nikapandisha na sailensa, ile nguvu ya injini gari likiwa limesimama, lingurume vizuri.

Neema akaniuliza, "Umepata tatizo lilikuwa nini?"

"Nimelimaliza," nikamwambia, kifua mbele.

Basi Jumapili ikafika. Ibada imeisha, watu wamejaa uwanjani kwenye mnada wa mavuno, maboga, miwa, mikungu ya ndizi, majogoo wamefungwa miguu, na mzee wa kanisa ameshika kipaza sauti ananadi, "Boga hili, nani anaongeza?" Gari la Mzee limeegeshwa pembeni, pua imeelekea mnadani, na mama yake Neema ameingia kiti cha abiria kukimbia jua. Huyo mama ni mtu wa Mamboya, na kwa wazee wa kwao mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawakai pamoja, wakikutana njiani mmoja anapinda. Tangu nipeleke posa nilikuwa sijawahi kumwona zaidi ya ncha ya khanga.

Mzee akiwa na mjomba wangu na mchungaji, akaniita, "Fundi! Hebu liwashe, mjomba wako asikie kazi yako."

Gari lina mama mkwe ndani! Kukataa agizo la baba mkwe siwezi, kuingia siwezi. Nikaona nimepata akili: nitasimama nje, nitaingiza mkono dirisha la dereva, nitazungusha ufunguo na uso nimeuelekeza mbinguni. Mama naye, kwa heshima zake, akajifunika khanga na kugeukia upande wa pili. Kwa hiyo watu wawili tuko kwenye gari moja na hakuna hata mmoja anayeangalia kijiti cha gia.

Nikazungusha. Waa! Gari likaondoka.

Jamani, gari likaondoka! Kumbe Mzee alikuwa ameliegesha kama Landrova, ameliacha na gia ndani, D, ya kwenda mbele, kalizima, handbreki hata hajaigusa. Swichi ambayo ingenikatalia ni ile niliyoifunga tepu. Mama akapiga kelele, "Yesu wangu!" Mimi nakimbia mkono uko ndani, naushika ufunguo nizime, kwa mchecheto nikauzungusha mbele badala ya nyuma, stata ikasaga kama mashine ya mahindi iliyomeza jiwe. Mbele kuna akina mama na maboga yao. Nikajitupa dirishani kichwa kwanza. Miguu ilibaki nje, kiatu kimoja kikaenda zake, na uso wangu, Mungu anisamehe, ukatua mapajani kwa mama mkwe. Nikapapasa handbreki huku sioni (nimefunikwa na khanga), nikaivuta mpaka gari likazimika kwenye rundo la miwa. Watu wote walikuwa wameruka, hakuna aliyeguswa, ni maboga tu na meza ya mnada.

Nikasikia sauti ya mzee wa kanisa, kipaza sauti bado kiko mdomoni, mshtuko umemzidi, amesahau kuwa ananadi: "Fundi... fundi yuko mapajani... kwa mama mkwe wake!" Mji mzima ukasikia. Nilitamani ardhi ipasuke.

Alasiri tukakaa sebuleni kwa Mzee, mjomba wangu ameinamisha kichwa kama tuko msibani. Mama akasema akiwa chumbani, nyuma ya pazia, "Kijana simlaumu. Aliyelala mapajani kwangu mbele ya watu ni mtoto niliyemzaa. Kuanzia leo ni mwanangu."

Nikashusha pumzi. Nimesamehewa! Ndipo shangazi yake Neema, taratibu kabisa, akasema, "Basi Neema ni dada yake. Na mtu hamwoi dada yake."

Nilisubiri watu wacheke. Nikamtazama Mzee, anatazama sakafu. Mjomba akajaribu kusema faini ipo, mbuzi yupo, wakamwambia faini ni ya mkwe aliyekosa, na hapa hakuna mkwe, kuna mtoto. Mwishowe akaitwa Neema aseme neno lake. Nikajua huyu ataniokoa, msomi huyu, mila hizi anazicheka. Akaingia, akasimama mbele yangu.

"Jana ulisema umelimaliza. Ulilitengeneza, kaka, au ulilifunika?"

Kaka! Akageuka, akatoka.

Tangu siku ile siungi swichi ya giaboksi dairekti hata kwa kushikiwa panga. Ugonjwa ukija na kuondoka, namwambia mwenye gari liache hapa mpaka nilione na nilitibu, na kama una haraka, Morogoro kuna mafundi. Mama yule ananiita mwanangu mpaka leo, ananitumia mchele, na neno lake halirudi nyuma. Mwaka uliofuata akatokea karani mmoja wa Dumila kumposa Neema, nami nikaitwa Kilosa, nikaketishwa upande wa wenye binti. Kijana akaingia, mpole, suti imemkaa, akanyoosha mikono miwili kwangu.

"Shikamoo, shemeji."

Wote wananitazama. Nikaitikia marahaba, ningefanyaje.